Ua la Usambara Linapozama Ndani ya Kopo

Huenda nawe unalo dirishani: lile ua fupi la majani ya duara yenye manyoya laini, lenye maua ya zambarau. Mara nyingi ni zawadi ya wifi au ya jirani aliyehama, na ndiyo maana likifa huuma. Majani yakilegea, mama hudhani ni kiu, akaongeza maji. Baada ya siku chache shina limelainika, na ukilishika linatoka lenyewe, halina mizizi.

Ua hilo halikufa kwa kiu. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukibaki chepechepe, hewa hukosa nafasi na mizizi huoza. Iliyooza haiwezi kupandisha maji, basi majani hulegea juu ya udongo uliolowa. Kwa hiyo tia kidole udongoni kabla ya kushika jagi.

Ua hili kwao ni Tanzania, hasa milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa sehemu hizo, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Msituni humea kivulini, kwenye nyufa za miamba penye mboji kidogo. Mvua hunyesha, maji yakateremka papo hapo. Sisi nyumbani tunalishindilia udongo mzito wa shamba katika kopo lisilo na tundu! (Usiende kuling'oa msituni, aina nyingine zimebaki mahali padogo sana.)

Kopo la mafuta ya kupikia lafaa, ila litoboe matundu manne au matano chini kwa msumari. Lisiwe kubwa. Majani yakitanda sentimita 24, mdomo wa chungu wa sentimita 8 watosha, kwa maana udongo mwingi hushika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Wengi wetu tulifundishwa kutandika kokoto chini. Acha. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake, karibu zaidi na mizizi. Kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu chatosha kuzuia udongo usimwagike.

Changanya vikombe viwili vya mboji ya majani iliyochekechwa, kimoja cha mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, na kimoja cha vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa na kusuuzwa. Asiye na makumbi atumie maganda ya mpunga. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Jaza chungu kitupu, mimina maji: yakituama juu badala ya kushuka upesi, ongeza mchanga.

Sasa lipindue ua taratibu, ukilishika shingoni. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia na huteleza. Hiyo ikate kwa wembe safi, pamoja na majani ya chini yaliyochoka. Lipande kina kilekile, usishindilie. Mwagilia kwa maji yasiyo baridi, pembeni, kwa sababu maji baridi huacha mabaka kwenye majani. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kisahanini.

Ikiwa mizizi yote imekwisha, bado usilitupe. Chukua jani moja zima, bakiza kikonyo cha sentimita tatu, kichomeke katika mchanganyiko uleule ukiwa na unyevu tu, kisha funika kwa glasi na uweke kivulini penye mwanga. Mizizi hutoka kwa kiasi cha mwezi mmoja, na baadaye vichipukizi kadhaa huchomoza chini ya jani. Vikiwa na majani manne manne vitenganishe, kila kimoja na kikopo chake, na kimoja umpelekee yule wifi.