Skana Nayo Hupiga Picha

Anayepiga picha kwa filamu kisha akaiskani ili airekebishe kwenye kompyuta, hupiga picha mara mbili. Kwanza mwanga huingia kwenye filamu. Halafu skana nayo huipiga picha filamu hiyo kwa lenzi yake na upungufu wake. Wengi huhesabu mara ya kwanza tu.

Fremu ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi utapata megapikseli 21 hivi. Ni nyingi, lakini sehemu yake imebeba chembechembe za filamu, si sura ya mtu. Jaribu kuinoa picha uone zinavyochomoza. Kamera ya kidijitali yenye megapikseli hizo hizo kwa kawaida hutoa picha safi zaidi.

Filamu inashinda kwenye jua kali. Mpige picha mzee aliyevaa kanzu nyeupe saa sita mchana. Negativu ikizidishiwa mwanga kidogo, bado mikunjo ya kitambaa na darizi ya shingoni vitaonekana. Kihisi cha kamera ya kidijitali kikishajaa mwanga, pale panabaki weupe mtupu, na hakuna programu ya kurudisha uzi hata mmoja. Kwa hiyo mwenye dijitali apime mwanga kwenye kanzu. Mwenye negativu apime kivulini. Kwangu mimi, tofauti hii inazidi suala la megapikseli.

Kisha kuna vumbi. Skana nyingi za filamu hutumia miale ya infraredi: filamu ya rangi huipitisha, vumbi huizuia, na programu ikajua pa kufuta. Picha ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, hata hivyo, imeumbwa kwa fedha, nayo huizuia miale hiyo. Programu itaiona picha yenyewe kuwa uchafu. Hapo kila doa hufutwa kwa mkono. Negativu za zamani za studio za pwani, kama Capital Art Studio iliyoanza Zanzibar mwaka 1930, zinadai subira hiyo.

Kazi mpya inayokwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, ipigwe kwa dijitali. Skana tuiachie negativu za watu na mitaa isiyopigika picha tena. Ziskaniwe kwa biti 16, faili la kwanza lihifadhiwe bila kunolewa, na negativu zisitupwe: skana bora zaidi itazihitaji.