Sura ya Sita: Mume Yuko Ziwani

Jioni mitumbwi ya Rumonge, Burundi, huingia Ziwa Tanganyika na taa zake kutafuta samaki wa ndagala na mukeke, ikarudi alfajiri. Tuseme usiku huo mke wa mvuvi amefikishwa hospitalini, na madaktari wameona kwamba mimba ikiendelea mama atakufa. Simu ya mume haipatikani. Asubiriwe?

Kwanza tutenganishe maneno matatu yanayochanganywa barazani. Mwenye kupewa taarifa huambiwa tu. Mwenye kuombwa ushauri husikilizwa. Mwenye kuombwa idhini anaweza kukataa, na jambo likaishia hapo.

Nchini Burundi kutoa mimba ni kosa la jinai, na mwanamke mwenyewe hushtakiwa. Kanuni ya Adhabu ya 2009, iliyoandikwa upya 2017, iliacha upenyo mmoja: hatari kwa uhai wa mama, au madhara makubwa ya kudumu kwa afya yake, yasiyoepukika kwa njia nyingine. Hapo hutakiwa daktari, daktari wa pili anayeafikiana naye, na ridhaa ya mwanamke. Mume hatajwi. Lakini sheria ya watu na familia ya 1993 inamwita mume mkuu wa nyumba, na wengi wakizisoma mbili hizi pamoja hudhani saini yake ni lazima.

Kwingine ni lazima kweli: Japani na Uturuki sheria hudai idhini ya mume. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilidai taarifa tu. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ililifuta sharti hilo katika kesi ya Casey, ikisema wake wengi huwaambia waume zao bila kushurutishwa, na wanaonyamaza mara nyingi wanaogopa kipigo. Mwaka 2022 hukumu ya Casey ilitenguliwa.

Anayemtetea mume ana hoja nzito: mimba ni ya wawili, na siri huila ndoa. Ila sheria ikilazimisha taarifa, haiwagusi wanaoelewana; inamgusa anayeogopa. Tena mume wa Rumonge ana usemi hata bila saini: nauli ya Bujumbura na fedha za mawese mara nyingi ziko mkononi mwake.

Basi daktari asisubiri. Mtumbwi ukifika ufukoni, mume ataambiwa, na mwenye kumwambia atakuwa mkewe.