Kabla ya kununua tairi, iulize njia

Na Mwandishi Wetu

Baiskeli ya milimani inaweza kuwa na fremu nyepesi, gia kumi na mbili na breki za mafuta, lakini kinachoishika ardhi ni vipande viwili vya mpira, kila kimoja kidogo kuliko kiganja cha mkono. Hapo ndipo safari hupona au kuharibika. Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua tairi kwa macho: lenye kashata kubwa ndilo huonekana imara. Ukanda wetu una udongo wa kila aina, na tairi linalofaa upande mmoja wa mpaka laweza kumwangusha mwenye nalo upande wa pili.

Tuanzie Rwanda. Njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227, huanza Rubavu, jirani na Goma, hufuata milima ya Ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kuishia Rusizi, ng'ambo ya Bukavu. Wengi huimaliza kwa baiskeli katika siku tano hivi. Nchi hiyo ina heshima yake katika mchezo huu: Adrien Niyonshuti alishindana katika baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na ndiye aliyebeba bendera ya taifa lake siku ya ufunguzi.

Udongo mwingi wa milima hiyo ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, na tairi lenye kashata fupi zilizokaribiana huteleza mbele bila kumchosha mwendeshaji. Ikinyesha mvua ya nusu saa, njia hiyohiyo huwa sabuni. Hapo zinatakiwa kashata ndefu zilizoachana, ili tope litoke gurudumu linapozunguka. Milima ya Usambara, Tanzania, na miteremko ya Elgon upande wa Uganda ina tabia hiyo pia. Kaskazini mwa Rwanda, karibu na volkano za Virunga, kuna mawe meusi yenye makali. Huko kinachoumia kwanza ni ubavu wa tairi, kwa hiyo tafuta tairi lenye ubavu mnene hata kama ni zito kidogo.

Sasa vuka uende Kenya. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache ambako mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na nyati, na baiskeli hukodishwa karibu na lango. Ardhi yake ni vumbi la volkano na mchanga mwepesi. Tairi jembamba huzama. Pana, la inchi 2.2 na kuendelea, huelea. Lakini adui mkubwa huko ni miiba ya migunga na mbigiri. Pancha mjini ni kero tu, lakini pancha mbele ya nyati ni jambo jingine.

Dawa ya miiba ni mbili. Ya kwanza ni tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya mpira ndani yanayoziba tundu dogo lenyewe. Ya pili, kwa wenye tyubu, ni tairi nene, viraka, gundi na pampu mkobani. Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Kagua ndani ya tairi polepole, kwani mwiba uliobaki utatoboa tena kabla hujafika mbali.

Kuna udongo mmoja usio na tairi lake: ule mweusi wa mbugani. Ukilowa hunata na kujazana hadi gurudumu ligome kuzunguka. Anayeujua hushuka na kubeba baiskeli, au husubiri jua.

Upepo na namba

Kosa la kawaida ni kujaza upepo hadi tairi liwe kama jiwe. Tairi gumu hudundadunda juu ya mawe na kukosa mshiko. Likilegea mno, nalo huibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.25 lenye tyubu, pauni 25 hadi 30 kwa inchi ya mraba ni mahali pazuri pa kuanzia. Mzigo ukiongezeka, ongeza kidogo. Ukiwa na tairi mbili tofauti, lenye mshiko zaidi likae mbele, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza ni vigumu kulirudisha.

Msafiri wa kuvuka mipaka azingatie pia namba ndogo zilizochapwa ubavuni, mfano 57-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu. Tairi la inchi 26 la milimani ni 559, la 27.5 ni 584, la 29 ni 622. Phoenix, iliyozoeleka vijijini kote katika ukanda wetu, huitwa inchi 28, lakini rimu yake ni 635, kubwa kuliko ya 29! Kwa hiyo duka la kijijini lililojaa tairi laweza kukosa hata moja la kukufaa. Beba tyubu mbili za saizi yako.

Njia ina wenyewe

Katika ukanda huu baiskeli ni kazi kabla ya kuwa mchezo. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Vivyo hivyo, njia nyingi za milimani hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni mapito ya mama mwenye mzigo wa ndizi na mtoto anayewahi shule. Tairi linalopita kwenye tope bichi huacha mfereji, mvua inayofuata huufuata mfereji huo, na baada ya msimu shamba lililo chini ndilo hupoteza udongo.

Basi katika masika, tairi bora ni lile lililosubiri siku moja njia ikauke. Na ukikutana na mwenye mzigo kichwani, mpishe kwanza.