Usilale na Jenereta Ndani, Hata Baridi Iume Vipi

Ukitaja Tabora, wengi wanawaza asali, miembe na joto la Oktoba. Subiri Juni na Julai uone! Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe mbingu zikiwa wazi, unatafuta blanketi la pili na laazizi wa kumkumbatia. Umeme ukikatika saa hizo, wenye nacho wanavuta kamba ya jenereta.

Bwana anahofia vibaka, kwa hiyo mashine anaiweka koridoni. Bibie anaona baridi, anafunga madirisha. Kila mmoja ana sababu nzuri tu, lakini sababu hizo mbili zikikutana nyumba moja, zinaua.

Petroli ikiungua inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unapumua, lakini mwili unakosa hewa. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Huku kwetu mtu akijisikia hivyo anasema malaria, anameza vidonge na kupanda kitandani. Hatari hiyo! Malaria haiwashiki baba, mama na hausigeli ndani ya saa moja. Mkiumwa wote, tena mkitoka nje mnapata nafuu, shuku gesi. Tokeni wote, muende hospitali. Bibie akiwa mjamzito aende hata kama amejisikia vizuri, maana mtoto tumboni huumia zaidi.

Dirisha nusu wazi halitoshi, na kibaraza hakitoshi. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, la jirani pia, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Vibaka? Mnyororo na kufuli kwenye mwembe. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji walipopiga kambi, moto waliukoka nje. (Jiko la mkaa chumbani linatoa gesi ile ile, msijidanganye.)

Kwenye baridi oili inakuwa nzito, mashine inagoma. Vuta choki, vuta kamba, ikishika rudisha choki taratibu, na uiache dakika chache kabla ya kuipa mzigo wa friji. Usiiingize ndani eti ipate joto! Kuongeza petroli, izime ipoe kwanza, na umulike kwa tochi, siyo mshumaa.

Halafu ule ujanja wa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake: umeme unarudi hadi kwenye nguzo, unaweza kumuua fundi wa TANESCO anayejua laini imezimwa. Mwiteni fundi awafungie swichi ya kubadilishia.

Kabla ya kulala, zima. Nani atoke kwenye kibaridi? Pangeni zamu, na wa zamu apewe blanketi zito.