Umeme wa mito yetu: mambo ya kujua kabla ya kuuomba



Katika makanisa yetu mengi huku Wamaza, kati ya Kasongo na Kabambare, kipaza sauti hufanya kazi kadiri mafuta ya jenereta yanavyodumu. Mafuta yakiisha tunaendelea kuimba kwa sauti zetu wenyewe, na hilo si hasara. Hasara iko kwenye kituo cha afya, ambapo mkunga hupokea mtoto usiku akiwa ameuma simu yenye tochi kwa meno ili mikono yake ibaki huru. Ndiyo maana tunasema habari ya umeme ni habari ya Kanisa pia. Leo tunaeleza kinachowezekana katika milima na vilima vyetu, na kinachoangusha miradi ya namna hii.

Kwa nini tusingoje laini kubwa

Nchi yetu haikosi nguvu za maji. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga ya pili mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Laini ya kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita karibu 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vimo gizani, kwa sababu umeme wa aina ile hauwezi kukatwa njiani kwa urahisi. Hata leo, katika Kongo nzima, ni karibu mtu mmoja tu kwa kila watano aliye na umeme, na vijijini ni wachache zaidi sana.

Kusimamisha nguzo kupita misitu na mabonde kwa ajili ya nyumba zilizotawanyika ni ghali mno. Lakini sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango: SNEL si peke yake tena. Wengine nao wanaweza kuzalisha na kuuza umeme, wakipata ruhusa ya serikali.

Mtandao mdogo

Mfano uko Kivu ya Kaskazini. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ilipata mtambo mdogo wa maji mwaka 2013 kwenye mto Butahu, wenye kilowati 400 hivi. Baadaye kiwanda cha sabuni kilianza kazi hapo. Mwaka 2015 ulifuata mtambo mkubwa zaidi wa Matebe, kwenye mto Rutshuru. Goma nako, mwaka 2020, kampuni ya Nuru iliwasha mtandao wa jua wa megawati 1.3 wenye betri.

Sisi hatuhitaji ukubwa huo. Kinachohitajika ni maji na mwinuko. Kijito kinachotoa lita 100 kwa sekunde, kikianguka mita 30, kinaweza kutoa kilowati 20 hivi baada ya kutoa nguvu inayopotea kwenye mashini. Hizo zinatosha nyumba 200, kila moja ikiwa na wati 100 kwa taa, simu na redio. Mahali pasipo na maporomoko, au maji yanapopungua wakati wa kiangazi, paneli za jua na betri zinasaidia. Vyote viwili vinaweza kuungana katika mtandao mmoja.

Mtandao wenye akili ni nini?

Si jambo la ajabu. Maana yake ni kwamba vyombo vidogo vya kielektroniki vinapima umeme unaoingia na unaotoka, kisha vinaugawa kwa utaratibu. Kila nyumba ina mita ya kulipia mbele, kama tunavyonunua muda wa maongezi wa simu. Nyumba ikivuta kupita kiwango chake, inazimika hiyo peke yake, wala si kijiji kizima. Mashini ya kusaga muhogo inaweza kutaka nusu ya kilowati zile 20. Basi mtandao unairuhusu mchana, na jioni unaifunga ili taa ziwake. Friji ya chanjo na chumba cha kujifungulia vinawekwa katika daraja la kwanza, visizimwe mpaka vingine vyote vimezimwa. Palipo na mawasiliano ya simu, fundi anaona hitilafu akiwa mbali.

Wasomaji wa kitabu cha Kutoka watakumbuka mana. Kila mtu aliokota kwa kadiri ya haja yake, na kilichofichwa mpaka asubuhi kiliharibika. Mtandao mdogo una sheria inayofanana na hiyo: mmoja akichukua bila kipimo, wote wanakosa.

Kinachoangusha miradi

Hapa tuseme kweli, kwa sababu tulikosa sisi wenyewe. Tuliwahi kupokea paneli na betri kutoka kwa wafadhili kwa ajili ya kituo cha afya. Tukaimba, tukapiga picha. Kisha tukavuta waya mpaka nyumba ya mchungaji, bila malipo. Baadaye mzee wa kanisa naye akaomba, ikafuata televisheni, kisha kuchaji simu za soko zima. Betri za asidi hazipendi kumalizwa kila usiku. Zilikufa mapema, na sanduku la kununulia nyingine halikuwa na kitu. Mkunga akarudia tochi ya simu. Hakuna aliyetuibia, tulijisamehe malipo wenyewe.

Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Kwetu gharama si ya kujenga tu. Ni ya betri zitakazochoka, mfereji utakaojaa mchanga, na kijana atakayelipwa ili kuusafisha.

Tuanze na haya

Kiangazi hiki, mwezi wa saba na wa nane, kila parokia ipime kijito chake. Pimeni upana, kina na mwendo wa maji kwa kutazama kijiti kinachoelea, mwandike katika daftari. Maji ya masika hudanganya. Ya kiangazi ndiyo ya kuhesabia.

Ongeeni mapema na wakuu wa ukoo wenye ardhi ya maporomoko, na jirani zetu Waislamu pia, maana umeme wa kijiji si wa dhehebu moja. Chagueni kamati yenye akina mama ndani yake, na mshika fedha anayesoma hesabu mbele ya watu kila mwezi. Tafuteni vijana wawili wa kufundishwa ufundi.

Na sisi wachungaji tuwe wa kwanza kulipa mita zetu.

Bwana awabariki, na awape akina mama wetu wanaojifungua usiku mwanga usiozimika.