Kemokini na inflamesheni

Kemokini ni kundi la protini ndogo zinazotolewa na seli za mwili ili kuziongoza seli nyeupe za damu kwenda mahali zinapohitajika. Jina hilo limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya kisayansi: kemotaksia, yaani mwendo wa seli kufuata kemikali fulani, na saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupashana habari. Lilianza kutumika rasmi mwaka 1992. Katika mwili wa binadamu zimetambuliwa kemokini zipatazo 50 na vipokezi vyake vipatavyo 20.

Kemokini zina nafasi kubwa katika inflamesheni, yaani hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma baada ya kujeruhiwa au kuvamiwa na vimelea. Hiyo ni njia ya mwili ya kujilinda, lakini ikizidi kiasi inaweza kuharibu kiungo kilekile inachokilinda.

Aina

Kemokini nyingi zina asidi amino kati ya 70 na 100. Hugawanywa katika makundi manne, CC, CXC, CX3C na XC, kufuatana na mpangilio wa asidi amino iitwayo sisteini karibu na mwanzo wa mnyororo wa protini. Herufi L katika jina, kwa mfano CXCL8, huonyesha kwamba inayotajwa ni kemokini yenyewe. Herufi R, kwa mfano CCR5, huonyesha kipokezi. Seli nyeupe huitikia tu kemokini ambayo ina kipokezi chake. Kwa njia hiyo mwili huweza kuita aina moja ya seli na kuziacha nyingine.

Namna zinavyofanya kazi

Vimelea vinapoingia, makrofaji na seli nyingine zilizoko mahali hapo huvitambua na kutoa kemokini. Protini hizo hunata kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu iliyo karibu. Seli nyeupe inayopita hubingirika polepole juu ya ukuta huo. Kemokini ikigusa kipokezi chake, protini za kushikilia ziitwazo integrini hukaza, na seli husimama. Kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta, huingia kwenye tishu na kuelekea upande ambako kemokini ni nyingi zaidi, hadi ifike kwenye vimelea.

Umuhimu wa hatua hizo huonekana kwa watu wachache wanaozaliwa na kasoro ya integrini. Damu yao huwa na neutrofili nyingi mno, lakini vidonda vyao havitungi usaha na maambukizi huwarudia mara kwa mara, kwa sababu seli hizo haziwezi kutoka ndani ya mishipa. Wingi wa seli nyeupe hautoshi kama hazifiki panapohitajika.

Katika maambukizi ya bakteria

Katika nimonia inayosababishwa na bakteria Streptococcus pneumoniae, seli za mapafu hutoa CXCL8, ambayo huvuta hasa neutrofili. Seli hizo humeza bakteria na kumwaga vimeng'enya vya kuwaua. Usaha kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa, pamoja na bakteria na mabaki ya tishu. Hata hivyo seli na majimaji hayohayo hujaza vifuko vya hewa, na mgonjwa hupumua kwa shida.

Baadhi ya bakteria wana njia ya kuzuia mwito huo. Streptococcus pyogenes, ambaye husababisha maambukizi ya koo na ngozi, hutoa kimeng'enya kinachokata CXCL8 ili neutrofili zisifike.

Katika maambukizi ya virusi

Virusi huzaliana ndani ya seli, kwa hiyo mwili huhitaji seli zinazoweza kuziua seli zilizoambukizwa. Interferoni huchochea utoaji wa CXCL9 na CXCL10, ambazo huvuta limfositi T na seli ziitwazo wauaji asilia. CCL2 nayo huita monositi.

Wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walionekana kuwa na viwango vya juu vya CXCL10, CCL2 na CXCL8 katika damu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa inayotuliza inflamesheni, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida. Kutuliza inflamesheni kulisaidia pale tu ilipokuwa imevuka kiasi.

Kipokezi CCR5

Mwaka 1996 ilifahamika kwamba Virusi vya UKIMWI hutumia CCR5 kama mlango wa kuingilia ndani ya seli. Baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Ulaya, hurithi jeni ya CCR5 yenye kasoro. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hana kipokezi hicho, na ni vigumu sana kuambukizwa virusi vinavyopitia hapo. Maraviroki, dawa inayoziba CCR5, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Lakini kukosa CCR5 kuna hasara yake. Virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1937, huweza kushambulia ubongo, na watu wasio na kipokezi hicho wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vikali wakiambukizwa, kwa kuwa CCR5 husaidia kuleta seli za kinga kwenye ubongo. Ndiyo sababu dawa za kuzuia kemokini hutengenezwa kwa uangalifu: mwito unaodhuru katika ugonjwa mmoja huweza kuwa kinga katika mwingine.