Simu Haitembei, Tembea Wewe

Zamani mkulima wa Turiani alikwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Siku hizi bodaboda zipo kila njia panda. Tukienda sokoni, tunapanda. Tukienda hospitali, tunapanda. Hata safari ya dakika kumi tunapanda. Miguu inapumzika, lakini mwili unadhurika.

Mtu anayekaa kutwa nzima anajiweka katika hatari ya kupata shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa moyo. Magonjwa haya hayapigi hodi. Yanaweza kukaa mwilini kwa miaka bila wewe kujua.

Je, mkulima naye anahitaji mazoezi? Kulima, kukata miwa, kupalilia mpunga na kuchota maji ni mazoezi tayari. Lakini mwenye duka, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na karani hukaa sana. Hata mkulima, akishavuna, huenda akakaa. Hao ndio tunaozungumza nao leo.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ukitembea haraka nusu saa kwa siku, siku tano, umetimiza dakika 150. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba.

Simu inasaidiaje?

Ndani ya simu janja nyingi mna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko. Ukitembea na simu mfukoni, programu huhesabu hatua zako. Jioni unaona umetembea kiasi gani. Mwenye kitochi naye hakuachwa. Anaweza kutega kengele ya simu imkumbushe saa ya kutembea.

Usitishwe na hesabu ya hatua 10,000. Hesabu hiyo ilianzia Japani mwaka 1965, wakati kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua chenye jina hilo. Faida huanza chini ya hapo. Kama leo umetembea hatua 3,000, wiki ijayo jaribu 4,000.

Lakini tuseme kweli. Wengi huanza na programu hizi kwa bidii, kisha huziacha. Simu inakumbusha tu. Haimshiki mtu mkono.

Tukumbuke mwaka 1973. Mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza, walisoma, walijadili, kisha walishika majembe wakachimba vyoo. Redio haikuchimba hata choo kimoja. Watu ndio waliochimba, kwa sababu walikubaliana pamoja. Simu nayo ni hivyo hivyo.

Fanya hivi

1. Nenda zahanati ukapime shinikizo la damu na sukari. Kama kifua kinauma au unapumua kwa shida, mwone daktari kwanza.
2. Tafuta wenzako watatu au wanne. Chagueni saa moja ya kutembea.
3. Tegeni kengele za simu saa hiyo.
4. Anzeni na dakika 10. Ongezeni kidogo kidogo kila wiki.
5. Mwisho wa wiki kutaneni. Mwenye simu janja aseme hatua zake. Asiye nayo aseme dakika zake. Aliyekosa aulizwe kwa upole.

Jihadhari

Usitazame simu huku unatembea barabarani, hasa msimu wa miwa, magari na matrekta ya kwenda Mtibwa yanapokuwa mengi. Programu ikikuuliza namba ya siri ya pesa zako, usiiandike. Ifute mara moja.

Ndugu msomaji, jioni ya leo safari yako ikiwa fupi, mwache dereva wa bodaboda apumzike. Nenda kwa miguu.

Maswali ya kujadili

1. Ni safari zipi za kijijini kwenu mnazoweza kwenda kwa miguu?
2. Nani katika nyumba yako anakaa sana? Utamsaidiaje?
3. Kikundi chenu kitatembea saa ngapi?